Mwalimu wa Mahagi

Mama Apolina alizikwa mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, na mimi nilikuwa kati ya wanawake waliopika kwenye matanga yake. Nilimenya mihogo, nikachambua maharage, nikateka maji, na mchana nikaketi chini ya turubai pamoja na wengine kusikiliza ushuhuda. Kijana mmoja, ambaye mwaka ule ninaotaka kuusimulia alikuwa hajazaliwa bado, alisimama kueleza jinsi marehemu alivyokuwa nabii wa kweli. Akatoa mfano. Alisema palikuwa na mwanamke hapa mtaani Nyakasanza aliyeficha mimba ya uzinzi, na Mungu akamwonyesha Mama Apolina kila kitu, hata kazi ya mwanaume na mahali alipotoka: alikuwa mwalimu, mtu wa Mahagi. Watu wakasema amina. Wanawake wawili wa rika langu wakageuka kunitazama wakitabasamu, maana walikumbuka kwamba wakati huo mimi ndiye niliyekuwa binti yake wa kiroho na nililala nyumbani kwake. Niliinama nikatazama mikono yangu. Yule mwalimu wa Mahagi hakuwahi kuwepo. Mimi ndiye niliyemtunga, jioni moja, nikiwa na tonge la bugali mkononi.

Sitaeleza nilikotoka. Vita vilikuwa vimetulia mjini lakini vilikuwa bado kando kando, na Bunia ilijaa watu wasiopenda kuulizwa walikotoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nashona katika atelye ya mama mmoja karibu na soko, na nilikuwa nimebatizwa miezi miwili tu. Mama Apolina alinikuta nalia peke yangu baada ya ibada. Hakuniuliza sababu. Alinishika mkono kama unavyomshika mtoto anayevuka barabara, akanipeleka kwake, na wiki ile ile akanipa shambre. Ilikuwa chumba kidogo cha matofali mabichi, dirisha moja la ubao, kitanda cha miti, na msumari ukutani wa kutundikia nguo. Blanketi alilonipa lilikuwa lake. Niligundua baadaye kwamba yeye alikuwa akijifunika vitenge viwili. Nilipougua malaria, alininywesha uji wa mtama kwa kijiko, akanifulia nguo, akanikanda miguu, na usingizini nilisikia akitaja jina langu mbele ya Mungu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Hakuna mtu aliyekuwa amenifanyia hivyo. Nataka jambo hili lijulikane kabla ya mengine, kwa sababu kama angekuwa mwanamke mbaya, nisingekuwa na la kusimulia.

Kwake ndiko nilikojifunza kuomba. Alinifundisha kufunga siku ya Jumatano, kusoma Biblia kwa sauti nikiwa peke yangu, kutotumia maneno mengi. Kila niliposhindwa kitu, kila niliposinzia katika maombi au kukasirika na mteja, aliniambia, "Weye bado unanyonya, mutoto yangu. Siku moja utakula nyama." Aliyasema kwa upole, na mimi niliitamani nyama hiyo kuliko kitu chochote. Katika nyumba ile kukomaa kiroho kulikuwa na maana moja, nayo ilikuwa kuona. Kusamehe kulikuwa kuzuri, uvumilivu ulikuwa mzuri, lakini mtu aliyekomaa alikuwa mtu aliyeonyeshwa. Mama Apolina alionyeshwa. Kila Ijumaa, kuanzia saa sita mchana mpaka kabla jua halijashuka, sebule yake iligeuka kuwa chumba cha maombi. Tuliondoa meza, tukatandika mikeka, na wanawake wakaja, wengine kutoka mbali, wakavua viatu mlangoni. Wengi walikuja na swali moja. Mume wangu yuko hai? Mwanangu aliyepotea barabarani yuko hai? Mama Apolina hakupiga kelele kama manabii wengine wa wakati ule. Alikaa kwenye kiti chake kifupi, akafumba macho, akasema taratibu, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali: naona mwanamke aliyegombana na dada yake kwa sababu ya shamba; naona mama mmoja ambaye mtoto wake anakohoa na ameogopa kumpeleka hospitali. Na mwanamke huyo alikuwepo, palepale kwenye mkeka, akaanza kulia. Nami nililia pamoja naye kwa furaha, kwa kuwa Mungu alikuwa karibu hivyo.

Jioni tulikula sisi wawili. Tulikula mapema, kwa sababu siku hizo hakuna aliyetaka moto uonekane nje baada ya giza. Palikuwa na bugali na sombe ya majani ya muhogo, au ndakala, wale dagaa wadogo, wa kukaanga, na siku za baraka samaki mzima kutoka Tchomia, ziwani. Mama alinigawia kichwa, akisema wanaoshona wanahitaji macho mazuri. Halafu, akitoa miiba polepole, aliniuliza swali lake la kila jioni: "Leo umebeba muzigo ya nani?" Alikuwa amenieleza kwamba Mkristo anayekua habebi mambo yake tu, hubeba ya wengine akayapeleka mbele za Mungu. Basi nilimwambia. Atelye ni mahali ambapo wanawake huvua nguo ili wapimwe, na mtu akivua nguo huwa anavua na maneno. Nilimwambia nani amegombana na dada yake, mtoto wa nani anakohoa. Hakuandika kitu. Hakuuliza mara mbili. Alitikisa kichwa, akasema, "Tutamuombea," na tulipomaliza kula tuliomba kweli, tukitaja majina. Leo wanaonisikiliza huniuliza ilikuwaje nisitambue mwaka mzima. Nami hujiuliza hivyo. Nadhani nilikuwa nimetambua mahali fulani, chini kabisa, na sikutaka kushuka huko. Niliona fahari kuwa na kitu cha kuleta mezani. Siku nilizorudi bila habari ya mtu, samaki hakuwa na ladha.

Mashine iliyokuwa karibu na yangu ilikuwa ya Kabibi. Alinizidi miaka mitano, alikuwa na watoto wawili, Riziki wa miaka sita na mdogo wake wa kiume. Kabibi alishona bila kuchora. Alikunja kitambaa mara mbili, akakitazama, akakata, na gauni likakaa mwilini kama limezaliwa hapo. Mume wake Faustin alikuwa ameenda Kilo kuchimba dhahabu na hakurudi. Baada ya miezi mingi mchimbaji mwenzake, Omari, Mwislamu mpole mwenye kovu kwenye kidevu, alileta mkoba wa Faustin na habari kwamba shimo lilianguka na watu wakabaki chini. Lakini mama mkwe wa Kabibi, Mama Marta, alikataa. Alisema mtoto wake hawezi kufa bila yeye kuona mwili. Hakuruhusu matanga. Basi Kabibi aliishi katika uwanja wa wakwe zake akiwa si mke wala mjane, na Mama Marta alikuja kila Ijumaa kwa Mama Apolina kuuliza kama Faustin anarudi, naye Kabibi alilazimika kumsindikiza na kukaa kwenye mkeka kusubiri jibu ambalo yeye alikwisha kulijua.

Adhuhuri moja tulibaki wawili katika atelye, mwenye kazi akiwa ameenda sokoni. Tulikuwa tunakula muhogo wa kuchemsha na karanga. Kabibi aliacha kula, akaweka mkono juu ya tumbo, akanieleza kwamba Omari alikuwa akirudi kila mwezi, mwanzoni kuwaletea watoto chumvi na sukari, halafu kwa ajili yake. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Omari alikuwa tayari kuja na wazee wake kujitambulisha na kutoa mahari, lakini Kabibi alimwomba angoje mpaka Mama Marta akubali matanga ya mtoto wake. Alihitaji muda kidogo tu, mwezi mmoja au miwili.

"Nimekuambia weye tu, Dorika," alisema. "Hata Mungu sijamuambia bado."

Nilimwahidi kwamba nitamwombea. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Omba kimya."

Jioni ile palikuwa na samaki. Nakumbuka kwamba nilijizuia mpaka katikati ya chakula, na kwamba Mama Apolina aliona najizuia na hakunisukuma. Alinimegea kipande kingine tu, akaniambia kwamba mzigo mzito ukibebwa na mtu mmoja unamvunja mgongo. Nikasema. Nikasema jina, nikasema miezi mitatu. Aliponiuliza mwanaume ni nani, nilisita. Nilijua alivyowachukia wachimbaji, na alivyosema juu ya Waislamu alipofikiri hakuna anayesikia. Nilitaka amwombee Kabibi kwa huruma. Basi nikasema ni mwalimu. Mwalimu wa wapi? Jina la kwanza lililonijia lilikuwa Mahagi, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeshona sare za mteja wa Mahagi. Nilifikiri nimemtendea rafiki yangu wema. Tukaomba kwa muda mrefu, na nikalala vizuri.

Ijumaa chumba kilijaa. Mama Marta aliketi mbele, Kabibi nyuma yake, mimi karibu na mlango nikipanga viatu. Mama Apolina alifumba macho. Alianza na mambo madogo, mgonjwa wa mguu, mtu anayetaka kusafiri. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya huzuni kweli, siwezi kusema ilikuwa ya kujifanya. Alisema anaona mwanamke mwenye cherehani. Mwanamke huyo anavaa kama anayengoja mume, lakini tumboni mwake kuna kitu cha miezi mitatu. Nikajiambia: Mungu pia amemwonyesha, hata hivyo, pamoja na yale niliyosema mimi, Mungu anaweza. Nilikuwa bado nashikilia wazo hilo alipoendelea, "Na ninamuona mwanaume. Ni mwalimu. Anatoka Mahagi."

Hapo ndipo kila kitu kiliponiangukia. Mungu anayejua idadi ya nywele asingeweza kurithi kosa langu. Yale aliyoyaona Mama Apolina yalitoka kinywani mwangu, pamoja na uwongo wake. Na kama hili lilitoka kwangu, basi lilitoka kwangu pia lile la shamba, na la mtoto anayekohoa, na Ijumaa zote nilizolia kwa furaha. Mama Marta alikuwa amegeuka. Chumba kizima kilikuwa kimegeuka. Kabibi alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani. Hakumtazama nabii wala mama mkwe wake. Alinitazama mimi, kule mlangoni nilikokuwa nimeshika kiatu cha mtu. Kisha akapita, akatafuta ndala zake, akaenda.

Kabla ya Jumapili vitu vyake viliwekwa nje ya uwanja. Watoto wakabaki ndani. Niliambiwa Riziki alilia mpaka akatapika. Kabibi alipanda gari la wachuuzi wa samaki akaenda Tchomia, kwa shangazi yake, na mashine yake ikapewa mtu mwingine. Mjini watu walisema hawajawahi kuona unabii kama ule, na Ijumaa iliyofuata wengine walikaa nje, chini ya dirisha.

Sikuondoka siku ile, wala wiki ile. Hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Sikuwa na pa kwenda, na nilikula chakula chake. Siku ya nne au ya tano nilimkuta chumbani kwake akikunja nguo zilizokauka, nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni kwamba mtu yule si mwalimu, kwamba mimi nilidanganya. Nilitegemea atashtuka. Alimaliza kukunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja.

"Basi ni weye ulimudanganya Mungu," alisema. "Si mimi."

Nilimwambia kwamba alisema mbele ya watu kuwa ameona. Akaketi kitandani, akanionyesha nafasi kando yake, nami, kwa mazoea, nikaketi. Alinishika mkono. Alizungumza na mimi kwa uchovu na kwa upendo, kama mtu anayemweleza binti yake mambo ya ndoa.

"Sasa weye ulifikiri maono inatoka wapi? Mungu iko na masikio yake hapa duniani. Mwaka huu yote, masikio yake ilikuwa weye. Mbele yako ilikuwa mwingine, na mwingine. Ndiyo kazi. Watu wanakuja hapa wamevunjika, wanarudi wakijua Mungu anawajua. Hiyo ni mubaya?" Nilipotaja Kabibi, aliachia mkono wangu. Alisema dhambi ya Kabibi haikuwa yake wala yangu. Kisha akasema lile ambalo sijalisahau: "Na kama siye tulikosa, tulikosa pamoja. Tumekula sahani moja."

Mpaka leo sijui kama aliamini hayo. Nafikiri aliamini. Ingekuwa rahisi kwangu kama ningemkamata akicheka. Kilichonivunja ni kwamba upole ule ulionikanda miguu na upole uliokuwa ukitoa miiba kwenye samaki ulikuwa mmoja, na sikuweza kuutenganisha nichukue mmoja nitupe mwingine. Nilianza kula kimya. Aliuliza swali lake la jioni, nami nikajibu kwamba leo sikusikia kitu. Alingoja hivyo wiki tatu. Halafu akaja msichana mwingine, Espérance, mtoto yatima aliyekuwa akiuza mikate ya mafuta barabarani na aliyejua habari za kila nyumba. Mama Apolina alimpa blanketi. Nikasikia kutoka shambre yangu akimwambia, kwa sauti ile ile, kwamba bado ananyonya lakini siku moja atakula nyama. Asubuhi nilifunga nguo zangu. Mwenye atelye akaniruhusu kulala nyuma ya duka, katikati ya magunia ya vipande vya vitambaa.

Ilinichukua miezi saba kwenda Tchomia. Kila mwezi nilikuwa na sababu: barabara si salama, kazi ni nyingi, mvua. Sababu ya kweli ilikuwa yale macho yake. Mwishowe nilipanda pikipiki, tukashuka mlima kuelekea ziwani, na nikamkuta Kabibi nyuma ya nyumba ya shangazi yake akigeuza samaki juu ya moto wa kubanika. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni. Mikono yake, iliyokata vitambaa kwa ustadi ule, ilikuwa myeusi kwa moshi mpaka viwiko. Hakuonyesha mshangao. Aliendelea kugeuza samaki mmoja mmoja, nami nikaeleza yote nikiwa nimesimama kwenye moshi, macho yakinitoka machozi ambayo hata mimi sikujua ni ya nini. Nilipomaliza alisema alijua tangu siku ile ile, maana hakumwambia mtu mwingine. Alikuwa akinisubiri nije. Alifikiri nitakuja wiki ya kwanza.

"Kitu moja tu nataka kujua," alisema. "Ule mwalimu, ulimutoa wapi?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba nilitaka Mama amhurumie, nilifikiri mwalimu ni afadhali kuliko mchimbaji. Alirudia neno hilo, afadhali, akaweka chini kijiti cha kugeuzia. Ndipo nikajua lililobaki. Omari alikuwa amekuja Bunia baada ya unabii, amevaa shati jeupe, na wazee wawili wa msikiti wake, kumwambia Mama Marta kwamba mimba ni yake na kwamba hakimbii. Mama Marta akawajibu kwamba Mungu amekwisha kusema ni mwalimu wa Mahagi. Yeye basi ni mwanaume wa ngapi? Aliwafukuza mbele ya majirani. Omari alikuja mpaka ziwani kumuuliza Kabibi mwalimu huyo ni nani. Kabibi aliapa kwa watoto wake. Omari akasema anamwamini, akalala usiku mmoja, akarudi Kilo, na hakuonekana tena. Wengine walisema alihamia machimbo ya mbali zaidi. "Alisema ananiamini," Kabibi alisema. "Kama angegomba na mimi, angerudi."

Nilipiga magoti pale kwenye majivu. Nilitaka kuomba pamoja naye. Ndiyo njia pekee niliyokuwa nimefundishwa ya kukaa na mtu mwenye maumivu. Alinizuia kwa mkono.

"Usiniombee tena," alisema. "Kama uko na mudomo, urudi kule ulipoufungua, useme tena."

Nilirudi, na Ijumaa nikaingia chumba cha maombi, nikavua viatu, nikaketi. Mama Marta alikuwa mahali pake. Mama Apolina alipofumba macho, kabla hajasema kitu, nilisimama. Nilisema kwamba habari za Kabibi zilitoka kwangu, kwamba nilizisema mezani, kwamba mwalimu wa Mahagi ni uwongo wangu na hakuna mtu kama huyo. Nilisema pia juu ya shamba na juu ya mtoto anayekohoa. Sikumaliza vizuri. Mama Apolina alifumbua macho. Alisimama, akaja mpaka nilipokuwa, na mbele ya wote akanikumbatia, akaanza kulia juu ya bega langu. Aliwaambia watu kwamba adui humshambulia mtoto aliye karibu zaidi na mama. Aliwaomba wasinihukumu. "Mimi nimemusamehe," alisema, na chumba kizima kikalia, wakanyoosha mikono kuniombea. Espérance akaniletea maji kwenye bilauri. Nilitoka nikiwa nimesamehewa na kila mtu kwa sababu ya kusema kweli, na sijawahi kuwa peke yangu hivyo.

Mama Marta ndiye pekee ambaye hakulia. Alinifuata mpaka barabarani, akaniita. Aliuliza kama mwalimu hakuwepo. Nikasema hakuwepo. Akauliza kama mimba ilikuwepo. Nikasema ilikuwepo, ya Omari, mtu aliyekuja na wazee. Alisimama pale jua likimpiga, mwanamke aliyekuwa akimngoja marehemu, na nadhani alikuwa anahesabu ni mambo gani mengine aliyoyaamini kutoka kinywa kile, pamoja na ahadi kwamba Faustin yuko njiani. Kisha akageuka akaenda zake. Mwaka wa shule ulipoisha alimtuma Riziki Tchomia na gari la samaki, bila barua. Yule mdogo wake wa kiume alimbakiza kwake. Na matanga ya Faustin yalifanyika mwaka huo huo, kimya, bila nabii.

Nilianza kusali katika kanisa kubwa, benchi la nyuma, mahali ambapo mchungaji alisoma majina ya wagonjwa kwenye karatasi na hakuna aliyeonyeshwa kitu. Kwa miezi mingi sikuweza kuomba. Nilipofungua kinywa nilihisi kuna mtu anasikiliza ili akaseme. Siku moja, nyuma ya duka, nilitaja jina la Kabibi, nikanyamaza, sikuongeza neno, na jina likakaa pale kati yangu na Mungu bila kwenda popote. Sikuona kitu. Lakini nilijua kwamba hii ndiyo ingekuwa njia yangu, na kwamba ni ndefu. Sasa nafundisha wanaojitayarisha kwa ubatizo, na kila mwaka kuna msichana mmoja anayeniuliza mtu anajuaje kwamba amekomaa katika imani. Namwambia mimi sijui. Namwambia tu kwamba mtu akikuletea jambo lake, lifike kwako na lilale hapo. Wengi huvunjika moyo na jibu hilo. Mama Apolina nimemlilia kweli, nilipokuwa namenya mihogo yake, na bado sijamsamehe vizuri. Kuhusu yule kijana na ushuhuda wake, sikusimama kumpinga. Nilikwisha kusimama mara moja, katika chumba kile, mbele ya mwenyewe akiwa hai. Mbele ya jeneza lake nilinyamaza, na sina hakika kwamba nilifanya vema.

Riziki nilimwona tena alipokuwa na miaka kumi na saba. Wakati huo nilikuwa na atelye yangu, mashine tatu, karibu na ile ya zamani. Asubuhi ya Jumatatu alisimama mlangoni na begi dogo, na kabla hajasema jina nilimtambua kwa jinsi alivyokitazama kitambaa kilichokuwa mezani, kichwa kimeinama upande, kama anakikata kwa macho.

"Mama amesema unifundishe kushona," alisema. "Amesema tena, habari ya kwetu usiniulize."

Nilimvutia kiti. Alikaa kwangu miaka miwili. Nilijua vipimo vyake, nilijua kwamba hapendi vitunguu, na zaidi ya hapo sikujua. Siku moja alifika macho yamevimba kwa kulia, uso umemshuka, akaketi kwenye mashine bila kunisalimu. Nilikuwa na mkono tayari kumshika begani na swali tayari mdomoni. Nikachukua gauni lililokuwa linangoja pindo, nikampa upande mmoja, nikashika upande mwingine, na tukashona hivyo, yeye huku, mimi huku, mpaka adhuhuri.